Modemu yangu ilivyoumbuka Wasini

Leo nafuta kauli yangu mwenyewe. Mwaka 2022 niliandika hapa hapa kwamba ukitaka kuongea kwa sauti ya dijitali kwenye masafa mafupi, tumia FreeDV 700D, hizo nyingine sahau. Kumbe nilikuwa nimepima mchana tu, tena Diani.

Kwa asiyejua: FreeDV ni programu huria ya sisi wa redio za ridhaa. Sauti inabanwa kwanza na Codec 2, kazi ya David Rowe wa Australia, hadi biti 700 hivi kwa sekunde. (Simu ya GSM ya kawaida hutumia 13,000.) Kisha modemu inazigeuza biti hizo kuwa milio kadhaa (17 kwa 700D) inayopigwa kwa pamoja. Modi ya 700D ilitoka 2018, na sifa yake ni kwamba inasikika hata kelele ikiwa na nguvu kuliko mawimbi yenyewe: desibeli -2. Ndugu yake, 700E, inahitaji +1. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya mtambo maradufu. Mimi mtu wa namba, nikaona kesi imekwisha.

Machi 2023, siku za mwanzo za Ramadhani, nikavuka kutoka Shimoni kwenda kumwona ami yangu Wasini. Nilibeba redio, kompyuta na betri ya gari, kwenye kisiwa kisicho na gari hata moja. Ami alifanya kazi miaka mingi kwenye boti za uvuvi, na redio anaijua kwa sikio. Swali lake lilikuwa moja: "Usiku simu zikikata, hiyo yako itamfikisha mtu?" Nikamwambia kwamba boti ikipata shida redio yake ni VHF, chaneli 16. Lakini moyoni nilitaka aone kuwa ile digrii haikwenda bure.

Tukafunga waya kati ya mnazi na mbuyu. Saa kumi alasiri, kwenye megahezi 7, mwenzangu wa Nairobi, karibu kilomita 470, alisikika kama amekaa nasi ukumbini. Ami akatikisa kichwa, akaridhika.

Baada ya futari, kabla ya adhana ya Isha, nikarudia ili majirani nao wasikie. Silabi mbili, kimya, kisha mgugumio kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mshale wa redio ulionyesha mawimbi yana nguvu ile ile ya alasiri! Nikaongeza wati. Hakuna kitu.

"Mwanangu, huyo mtu wako amezama?" Ami akauliza, watu wakacheka. Akaniomba nirudishe redio kwenye sauti ya kawaida ya SSB. Mwenzangu akasikika akipanda na kushuka, amejaa mikwaruzo, lakini Ami alirudia kila neno lake. Kisha akaenda zake tarawehe.

Nilibaki na aibu yangu na kompyuta. Jibu lilikuwa angani. Huku kwetu karibu na ikweta, jua likishazama, ionosfia (lile tabaka la juu linalorudisha mawimbi ya redio) mara nyingi huchafuka kwa mapovu, hasa miezi ya Machi na Septemba na hasa jua likiwa na harakati nyingi. Mawimbi yanafika kwa njia nyingi zinazobadilika haraka, yanajumlishana na kufutana mara kadhaa kwa sekunde. Ili kufuata mabadiliko hayo, modemu hutuma alama ambazo mpokeaji anazijua tayari, akilinganisha anajua anga imeharibu nini. 700D hutuma alama hizo kila milisekunde 160. Kati ya alama mbili anga yetu ilikuwa imeshageuka. 700E hutuma kila milisekunde 80, na ndiyo maana inadai nguvu zaidi. Ile desibeli -2 niliyoipigia debe ni ya njia iliyotulia.

Ami aliporudi nilikuwa nimeshahamia 700E. Sentensi nyingi zilipita, nyingine zilikatika. Akasikiliza muda mrefu. "Afadhali," akasema. "Ila ile ya zamani ilikoroma tu, haikuninyima neno."

Niliporudi kazini nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikaiga kufifia kwa haraka kwenye kompyuta badala ya kumwaga kelele peke yake. 700D ikaanguka vile vile.

Tangu 2024 Rowe na wenzake wana RADE, ambayo mtandao wa neva umefundishwa kazi ya kodeki na modemu kwa pamoja, na kufifia kumo ndani ya mafunzo yake. Mchana nimeisikia, sauti yake inapendeza mno. Lakini sisemi neno mpaka niipeleke Wasini usiku. Ami ameshaniuliza nakuja lini.