Kidonge cha Kuazimana

Wengi wetu huenda Kenyatta Market kula nyama choma au kusukwa nywele. Jumamosi moja, nikiwa kwa msusi, binti aliyeketi kando yangu alikuwa hoi kwa mafua. Rafiki yake akafungua mkoba, akatoa tembe nne za amoksilini. "Zilinisaidia mimi. Meza mbili sasa."

Msusi hata hakuinua macho.

Mafua huletwa na virusi, na amoksilini huua bakteria tu. Na hizo nne zilibakije, kama si dozi iliyokatizwa? Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dozi hafifu huzoeza vijidudu kuistahimili dawa.

Sheria ya Kenya yataka dawa hiyo iuzwe kwa cheti cha daktari, lakini ni nani atakayekagua mikoba yetu? Najua, msomaji, foleni ya hospitali ni ndefu.

Nilimwuliza binti kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru.

"Utotoni nilidungwa penisilini, nikavimba midomo."

Nikamwambia amoksilini ni ya ukoo huo huo, na aleji hiyo yaweza kuua. Akazirudisha tembe bila neno.