Chikanda na Mpaka wa Kitulo

Mbeya, 9 Februari 2024
Mvua haijakatika tangu alfajiri. Wifi amefika kutoka Tunduma na chikanda, donge la rangi ya kahawia linalokatwa vipande: viazi vya okidi vilivyotwangwa, unga wa karanga, pilipili na magadi. Ni tamu. Nimemuuliza viazi vimetoka wapi. "Huko kwenu Makete, mwalimu."

Matamba, 11 Februari
Tumepanda kutoka Chimala hadi huku Makete, kona juu ya kona. Kitulo imechanua, si bure wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Okidi peke yake ni aina 45. Kabla ya hapo watafiti walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 vya okidi vilikuwa vikivuka kwenda Zambia kila mwaka, kupikwa chikanda. Leo kuchimba humu ndani ni kosa, na nashukuru.

Matamba, 12 Februari
Nje ya hifadhi, mama mmoja amenichimbulia shina moja. Chini yake viazi viwili. Kimoja kimesinyaa: ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, kimejaa: akiba ya mwakani. "Wanunuzi wanataka hiki kigumu, mwalimu." Basi kila kiazi kinachouzwa ni mmea uliokufa. Na mbegu za okidi ni laini kama vumbi, hazioti bila kuvu wa udongoni, kwa hiyo pengo halizibiki haraka. Lakini pesa hiyo ndiyo inayonunua madaftari ya wanawe. Siwezi kumwita mhalifu.

Iringa, 15 Februari
Njia nzima nimeliwaza hili. Sheria ya hifadhi inakoma kwenye mpaka wa hifadhi, na jembe limehamia ng'ambo yake. Okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, kuzivusha nje ya nchi kunataka kibali, ila kiazi kilichokwisha kung'olewa hakirudi ardhini hata gunia likikamatwa mpakani Tunduma. Ulinzi uanzie kijijini. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo: ikataze kuchimba kabla mbegu hazijapukutika, itenge maeneo ya kupumzishwa, na wachimbaji wenyewe, akina mama hasa, wawepo sheria hizo zinapotungwa. Kesho namwandikia mwenyekiti, aliingize jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji.