NESI NA KOMPYUTA (Sehemu ya 7): Mgonjwa anayepiga kelele si wa kuogopa sana

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa matatu, chai iko mezani. Leo najibu swali ambalo mmenitumia wengi huku pembeni: "Sista, hiyo ovakloki unayoisemaga, na mimi naweza kujaribu nyumbani?"

Nitajibu. Ila kuna jambo sijawahi kuliandika hapa. Mmeziona picha za kompyuta yangu, mmeona na alama nilizopata, mkanipongeza. Hamjajua hiyo kompyuta ilinichukulia nini. Leo nasema yote mawili kwa pamoja, maana ukimpa mtu dozi bila kumwambia madhara yake, hujamtibu.

Tuanze na kompyuta yenyewe kwa wageni. Ni ya mezani, prosesa Ryzen 5 3600, ramu gigabaiti 16 za DDR4. Niliinunua imetumika, kwa ajili ya kuhariri video za harusi na vipaimara, kile kibarua changu cha siku za mapumziko. Video ya dakika 40 ilikuwa inachukua muda hadi napitiwa na usingizi kwenye kiti. Kununua prosesa mpya, mshahara mnaujua. Ndipo nikasikia kwamba unaweza kuisukuma uliyonayo.

Kuovakloki ni hivi. Prosesa ina mapigo, kama moyo. Madabodi inatoa mapigo ya msingi, megahezi 100, kisha prosesa inayazidisha kwa namba inayoitwa kizidisho. Kizidisho kikiwa 36, unapata megahezi 3,600, yaani gigahezi 3.6. Ukiweka 41, unapata 4.1. Ni hesabu ya darasa la nne. Shida ni kwamba mapigo yakipanda, prosesa inataka volti zaidi ili isikosee, na volti zikipanda, joto linapanda kwa kasi kuliko unavyodhani. Umeme unaotumika unafuata volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe. Kutoka volti 1.25 kwenda 1.35 unaona ni kidogo tu, lakini matumizi yanaongezeka karibu asilimia 17, kabla hujagusa mapigo yenyewe. Na mimi naishi Dar. Mwezi wa tatu chumba changu kina nyuzi 31 hata feni ikiwaka.

Kabla hujagusa chochote, angalia kama yako inakubali. Ryzen za mezani kwa kawaida kizidisho kiko wazi, ila madabodi za A320 hazikuruhusu kuovakloki prosesa, B450 zinaruhusu. Kwa Intel, kwa kawaida tafuta prosesa yenye herufi K mwishoni na madabodi ya aina ya Z. Laptopu achana nayo. Na kama ina waranti, ujue unaweza kuipoteza.

Sasa hatua. Nimefanya kama tunavyofanya mgonjwa akipokelewa wodini.

Kwanza, vipimo vya mwanzo. Huwezi kusema presha imepanda kama hukujua ilikuwa ngapi. Nilisafisha vumbi, nikabadilisha ile pesti ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kama uji wa jana, nikaendesha Cinebench kupata alama na HWiNFO kusoma joto. Nikaandika kwenye kaunta buku: tarehe, mapigo, volti, joto la juu, alama. Wauguzi wenzangu mnaijua ile kauli: kama hujaandika, hujafanya.

Pili, dozi ndogo ndogo. Unawasha kompyuta huku unabonyeza Delete au F2, unaingia kwenye bayosi. Nikaweka volti 1.25 za kudumu, kizidisho 39, nikaseivu, nikawasha, nikapima dakika kumi. Ikatulia. Nikaweka 40. Ikatulia. 41 ikatulia. 42, Cinebench haijafika nusu, kompyuta ikazima na kuwaka yenyewe. Basi nikajua ukuta uko wapi. Nikajaribu kuisaidia kwa volti 1.3, joto likafika 93, na prosesa hii mwisho wake ni 95. Nikarudi 41. Kila mara badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha viwili na mgonjwa akaanguka, hujui kipi kimemwangusha.

Tatu, ikigoma kuwaka kabisa, usilie. Chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara kama sarafu kwenye madabodi, CR2032, kaa dakika tano, rudisha. Bayosi inasahau mambo yako yote na inaanza upya. Mimi mara ya kwanza nilishikwa na jasho, nikampigia mdogo wangu simu saa sita usiku nalia kwamba nimeiua. Akacheka mpaka mkewe akaamka.

Niliongeza na chuma kikubwa cha kupoza chenye feni yake, maana kile kidogo kilichokuja na prosesa kilikuwa kinapiga kelele kama kibajaji kinapanda mlima. Joto likashuka hadi 82 kwenye kipimo kizito. Na faida? Niwe mkweli: kwenye prosesa nilipata kama asilimia nne. Nyie mliotegemea kompyuta kupaa, samahani. Hizi prosesa zina akili ya kujipandisha zenyewe, kwa hiyo unachoongeza kwa mkono ni makombo.

Faida ya kweli niliikuta kwenye ramu. Na hasara yangu pia niliikuta hukohuko.

Ramu zangu zimeandikwa 3200. Kumbe tangu nimenunua zilikuwa zinakwenda 2400, kwa sababu madabodi ikiwashwa bila maelekezo inachagua kasi ya usalama. Kuna kitufe kwenye bayosi, XMP. Madabodi nyingine zinaita DOCP. Ukiwasha, ramu inapanda hadi kasi iliyoandikwa kwenye boksi lake, kwa volti 1.35 badala ya 1.2. Hapo video zangu zilionyesha tofauti kweli. Anayeanza, anzia hapo, na kama huna shida kubwa, ishia hapo.

Mimi sikuishia hapo. Nikasoma kwamba Ryzen za kizazi hiki zinapenda ramu ya 3600. Ramu haina kasi tu, ina pia taimingi, zile namba nne kama 16-18-18-36. Namba ya kwanza ni mapigo ambayo ramu inasubiri kabla ya kutoa ulichoiomba. Ramu ya 3200 inapiga mara 1,600 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde na kubeba mzigo mara mbili kwa kila pigo, ndiyo maana inaitwa 3200. Kusubiri mapigo 16 hapo ni nanosekunde 10. Ukienda 3600 na kusubiri mapigo 18, bado ni nanosekunde 10. Mtu mwenye busara angeweka 18. Mimi nikataka 3600 na 16 hiyohiyo. Nitake vyote.

Ikawaka. Nikaipima dakika kumi, hakuna kosa. Zamu yangu ilikuwa inaanza saa mbili usiku, daladala hazinisubiri. Nikaandika kwenye kaunta buku: "3600, 16, imetulia." Uongo ule nimeuandika kwa mkono wangu, na bado upo kwenye ukurasa ule.

Kwa wiki mbili sikuona tatizo. Hakuna skrini ya bluu, hakuna kuzima. Nikafanya harusi mbili. Siku moja ya mapumziko nikaamua kupanga vitu vya Mama.

Wengine mnajua Mama alifariki Tukuyu, mwaka mmoja kabla ya hapo. Picha na video zake zilikuwa kwenye simu yangu ya zamani ambayo nilishaahidi kumpa mpwa wangu anayeanza chuo. Nikazihamisha kwenye kompyuta, nikazifunga zote kwenye faili moja la 7-Zip ili lisichukue nafasi, nikalinakili kwenye diski ya nje na kwenye fleshi. Nakala tatu! Nikajiona mjanja. Nikafuta zile za mwanzo, nikaisafisha simu, mpwa akaja akaichukua.

Miezi miwili baadaye dada yangu akaomba picha za kumbukumbu. Nikafungua faili. Likaanza kutoa picha, likafika mahali likasimama: kosa la CRC, data imeharibika. Nikajaribu ya kwenye diski. Palepale. Ya kwenye fleshi. Palepale. Nakala tatu za kosa moja.

Nilielewa nilipoipima ramu sawasawa na MemTest86, usiku kucha, mizunguko yote minne. Mzunguko wa kwanza ulikuwa msafi kabisa. Makosa yalianza wa pili. Machache tu, hesabu ya vidole vya mkono mmoja. Lakini faili lililofungwa kwa kubanwa vile, kila kipande kinategemea kilichokitangulia. Biti moja ikigeuka ndani ya ramu wakati wa kufunga, kinachofuata kinaweza kuwa takataka.

Picha nyingi zilitoka. Nyingine dada na majirani walikuwa nazo kwenye WhatsApp. Video moja haikuwa popote. Ilikuwa ya dakika nne, Mama amekaa nje anamenya ndizi, ananisimulia kwa Kinyakyusa usiku niliozaliwa, jinsi mvua ilivyonyesha na mkunga akachelewa. Niliirekodi bila kufikiria, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Mwanangu wa pili hajawahi kumsikia bibi yake akiongea, na sasa hatamsikia.

Nimeshika zamu miaka kumi na moja. Kitu cha kwanza wakubwa wangu walichonifundisha wagonjwa wakija wengi kwa mpigo, kwa mfano ajali ya basi, ni hiki: usikimbilie anayepiga kelele. Anayepiga kelele anapumua, njia yake ya hewa iko wazi. Nenda kamwangalie yule aliyelala kimya kwenye kona. Nimewafundisha hivyo wanafunzi wangapi? Halafu nyumbani kwangu prosesa ikazima mara moja tu, nikaihangaikia wiki nzima, nikainunulia na kipoza joto. Ramu ilikaa kimya, nikaiamini kwa dakika kumi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, jamani.

Kwa hiyo swali lenu: mnaweza kujaribu? Mnaweza. Kitaalamu si kazi ngumu, na raha yake ipo. Ila chukueni haya ya kwangu:

1. Kabla ya kuanza, hamisha vitu vyako vyote vya thamani vitoke kwenye hiyo kompyuta. Visirudi mpaka umemaliza kupima.

2. Prosesa ipime saa kadhaa kwa kazi nzito, Prime95 au OCCT. Joto likikaribia mwisho wake, rudi nyuma. Hakuna aibu.

3. Ramu ipime usiku mzima. Kosa moja tu, hiyo kasi umeikosa. Usiseme "ni moja tu." Punguza kasi au legeza taimingi, kisha anza kupima upya.

4. Ukifunga faili, 7-Zip ina kitufe cha kulijaribu. Libonyeze kabla hujafuta za mwanzo.

5. Nakala tatu za kitu ambacho hukukikagua ni nakala moja.

Kompyuta yangu leo iko prosesa 4.1 kwa volti 1.25, ramu 3200 kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Imepimwa usiku mbili mfululizo. Ukurasa wa "imetulia" sijauchana. Nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu, kama tunavyosahihisha faili la mgonjwa: mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, tarehe, sahihi.

Mwezi uliopita nilikwenda Tukuyu. Nikamkalisha mama mdogo nje, nikamwomba anisimulie usiku niliozaliwa. Anasema mvua haikunyesha kabisa, na mkunga ndiye aliyefika wa kwanza. Kwa hiyo sasa sijui nani alikuwa sahihi, na wa kumuuliza sina. Lakini nimerekodi, na safari hii video nimeifungua nikaitazama hadi mwisho kabla sijafanya kingine chochote.

Wiki ijayo tutaongea kuhusu UPS na huu umeme wetu. Mwenye ramu yenye makosa aniandikie hapa chini, tutaisoma pamoja. Naenda kulala, leo tena niko usiku.