tee: amri ndogo yenye midomo miwili

Leo tuongee kuhusu amri ya Linux ambayo wengi huipita tu: tee.

Nenda Kariobangi Light Industries umwulize fundi wa bomba kuhusu "tii". Atakuonyesha kiungo chenye umbo la herufi T: maji yanaingia upande mmoja, yanatokea pande mbili. Jina la amri limetoka huko huko. Unix ilianza kuunganisha programu kwa bomba (alama ya |) mwaka 1973, na tee ndiyo tii ya bomba hilo.

Kwa nini najali? Kuna chama cha akiba hapa mtaani ambacho niliwaandikia skripti ya kunakili hesabu kila jioni. Ni pesa za mama mboga na mafundi wa vyuma. Mweka hazina anataka kuona kazi ikiendelea. Nikitumia > pekee, skrini inanyamaza na yeye anadhani mashine imekwama. Nisipoitumia, stima ikipotea maandishi yote yanakwenda na skrini. Kesho yake atauliza, "Kijana, hesabu zetu zilihifadhiwa?" Sitaki kumjibu "nadhani". Basi:

set -o pipefail
./nakili.sh 2>&1 | tee -a ~/chama.log /media/flash/chama.log
hali=$?
sync
exit $hali

Skrini inapata nakala, diski inapata, flash nayo inapata. 2>&1 inapitisha na ujumbe wa makosa kwenye bomba; bila hiyo makosa yangeishia kwenye skrini. -a inaongeza chini ya faili, haifuti ya jana.

Sasa sikilizeni vizuri. Bila pipefail, bash huangalia programu ya mwisho tu, yaani tee. nakili.sh inaweza kuanguka kabisa na bash ikasema mambo ni shwari! Nayo sync inalazimisha maandishi yaliyo bado kwenye kumbukumbu yafike kwenye diski na flash. Stima ikipotea kabla ya hapo, mistari ya mwisho inaweza kupotea. Ndiyo maana nasoma faili kutoka chini: mstari wa "imekamilika" usipokuwepo, kazi inarudiwa.

Mweka hazina hajui tee ni nini, wala hana haja. Ila akiuliza, tunafungua faili pamoja na anajisomea mwenyewe.

Haya, jaribuni. Tuonane wiki ijayo, stima ikiruhusu :-)