Likizo ya Kusi

Kwetu Muscat ukisema "kwetu", hakuna mtu mzima anayedhani kwamba unaizungumzia Muscat. Mie nimezaliwa Muscat na kusoma nimesoma Muscat, lakini kila mgeni aliyeuliza "huyu kijana wa wapi?" mama alimjibu kabla sijafungua mdomo: "Huyu Mmafia." Na Mafia yenyewe sijaitia machoni! Niliijua kwa harufu ya ng'onda waliokuja ndani ya masanduku ya wageni, wamefungwa magazetini, na kwa sauti ya babu kwenye kaseti. Zamani watu wa nyumbani hawakuandikiana barua ndefu, walirekodiana kanda. Babu alikuwa na kanda zake, zikianza kwa salamu za ukoo mzima, kisha kikohozi, kisha habari za bahari. Na katika habari za bahari hakuacha kulitaja jina moja: Shungimbili. Tumetoka dago Shungimbili. Kusi kali mwaka huu Shungimbili.

Nilikuwa mkubwa ndipo nikaambiwa kwamba Shungimbili si kijiji. Ni kisiwa kidogo tu katika mkondo, magharibi ya Mafia, kati yake na bara. Kina babu walikwenda na madumu ya maji na gunia la unga, wakapiga dago wiki mbili tatu, wakavua, wakakausha, wakarudi. Hakuna aliyezaliwa kule. Lakini kwangu mimi hicho ndicho kilichokuwa kijiji cha wazee wangu, na likizo ya mwaka 2017, nikiwa mwaka wa tatu chuoni, nikasema lazima nende.

Mama akasema mwaka huu hapana.

Utakumbuka, msomaji, mwaka ule ulikuwaje upande wa Kibiti. Njia ya watu wa kawaida kwenda Mafia hupita huko huko: Mbagala, Mkuranga, Bungu, unakata kushoto kwenda Nyamisati, halafu chombo. Na njia hiyo ilikuwa imelala damu. Wenyeviti wa vijiji na watendaji waliuawa mmoja mmoja, wengine mlangoni mwao. Aprili 13 askari polisi 8 waliuawa kwa mpigo. Mei bodaboda zikakatazwa kutembea usiku katika wilaya zile, ikaundwa na kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji. Wauaji ni nani? Jibu lililozoeleka lilikuwa neno moja: wasiojulikana.

"Panda ndege basi," mama akasema mwisho, aliponiona sirudi nyuma. Nauli ya ndege kutoka Dar ilikuwa imekwisha kuliwa na tiketi ya Muscat. Nikaenda kwa njia ya watu.

Mjomba alinipokea Dar. Jambo la kwanza alilofanya, hata chai bado, alinitazama kidevu akasema, "Twende kwa kinyozi." Nikacheka. Yeye hakucheka. Pale Mbagala Rangi Tatu ndevu zangu za miaka miwili zikaanguka sakafuni, kinyozi akitia maneno ya mpira.

Kwenye kizuizi tukateremshwa wote, tukapanga mstari. Kitambulisho? Mimi nina pasipoti ya Oman. Askari akaigeuza mbele nyuma kama mtu anayetafuta bei ya kitu dukani. Unakwenda wapi? Mafia, kwa bibi. Bibi yako anaitwa nani? Nikataja jina lililo katika karatasi za mama. Kumbe mjomba amepelekwa pembeni, naye ameulizwa hilo hilo, na yeye kataja jina analoitwa kijijini, ambalo ndilo jina lake hasa kwa wanaomjua. Basi mwanamke mmoja, majina mawili, na askari wawili wanatazamana. Tukaketishwa chini. Gari likangoja, abiria wakaanza kuguna. Sijui tungelala wapi, kama si mama mmoja aliyekuwa na kapu la vitumbua mapajani. Alisimama akasema kwa sauti ya kuchoka: "Jamani, huyo bibi mie namjua. Yote mawili majina yake. Jua linatua hilo." Tukaachiwa. Yule askari naye alikuwa kijana, pengine umri wangu, na mkono wake haukutulia kabisa alipokuwa akinirudishia pasipoti. Sikumchukia. Wenzake wanane walikuwa wamezikwa miezi michache tu nyuma.

Usiku ule tuliondoka Nyamisati maji yalipojaa. Habari za kutapika nitakusamehe.

Bibi alinipokea mlangoni kwa kelele: "Mume wangu kaja! Mbona kaja uso mtupu kama mtoto?" Nikampa shikamoo, akaipokea akiwa amenishika masikio yote mawili. Nikadhani sasa nimefika, mambo yamekwisha. Kumbe asubuhi mjomba kaniamsha alfajiri, tukazunguka kijiji kizima nyumba kwa nyumba. Kila mlango maneno yale yale: huyu ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, kaja likizo, atarudi Septemba. Mwenyekiti akaniandika katika daftari la wageni, akaniomba nirudie tarehe ya kuondoka, akaipigia mstari. Nami niliyeitwa Mmafia miaka ishirini na moja!

Ndipo nikaelewa. Huku Mafia kulikuwa kumetulia, hapakuuawa mwenyekiti. Lakini bara iko pale pale ng'ambo ya mkondo, vyombo vinakwenda na kurudi, na neno lile lilikuwa limevuka pamoja na magunia. Wasiojulikana. Kijijini kila mtu anajulikana, hata mbuzi wanajulikana. Asiyejulikana nilikuwa mimi. Watoto walinifuata, wakubwa wakanyamaza nikikaribia baraza. Walichokuwa radhi kunisimulia ni vita vya zamani tu: jinsi Mwingereza alivyoitafuta manowari ya Mjerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika midomo ya Rufiji, jinsi ndege ilivyorukia kisiwa cha Nyororo mwaka 1914, kitu ambacho watu wa visiwa hivi hawajapata kukiona, na jinsi manowari hiyo ilivyopigwa ikazama Julai 1915. Vita ile walikuwa nayo mikononi, wanajua hadi maji yalikuwa ya bamvua au maji mafu. Hii ya juzi, ya majirani zao, hakuna aliyeitaja.

Na nyumbani kwetu ilikuwepo, imeketi nasi kwenye mkeka. Mtoto wa mjomba, rika langu, alikuwa ameoa upande wa delta na kuhamia huko, akifanya biashara ya nazi na samaki wakavu. Tangu Mei simu yake haikupatikana. Bibi hakumsemea. Ila kila alipopakua wali alipakua sahani moja zaidi, akaifunika kwa kawa, na asubuhi akawapa kuku.

Mwishoni mwa Julai mjomba akanichukua baharini kwa mashua ya mashine. "Utaiona hiyo Shungimbili yako," akasema. Kusi ilikuwa kali kama kwenye kanda za babu, mawimbi yakatupiga ubavuni safari nzima. Nikaiona: mchanga mweupe, miti, paa. Tangu 2007 ni hifadhi ya bahari, haivuliwi, na mwaka 2016 ikafunguliwa hoteli ambayo mgeni anakodi kisiwa kizima peke yake. Tukaipita kwa mbali. Nilikuwa nimejiandaa kuumia moyo, lakini ukweli ni kwamba mjomba hata hakuitazama sana. Macho yake yalikuwa magharibi. Ndipo nikajua kwamba hatukuja kwa ajili yangu.

Likatokea dau limetoka upande wa delta. Mjomba akazima mashine. Wakasalimiana kwa marefu yote: watoto, afya, upepo, bei ya nguru. Mimi roho juu. Mwisho mjomba akauliza, kama mtu anayeuliza habari za nanga aliyoiazima: "Na kijana wetu?"

Nahodha wa lile dau akainama, akachota maji ndani ya chombo, akamwaga. "Hatumwoni," akasema.

Mashua ikageuka. Njia nzima mjomba alikuwa akiligeuza neno lile. Angesema "hatujamwona", hapo kuna tumaini: kahama, kaenda mahali, ataonekana. Lakini "hatumwoni"? Hilo ni la mtu aliyekuwa akionekana kisha akaacha. Au ni la kumficha: hatumwoni, nanyi msimtafute, atawaponza? Nimesoma Kiarabu na Kiingereza, sarufi naijua vizuri, na sikujua cha kumwambia. Tulipofika, bibi aliuliza swali moja tu, mgongo ametupa: "Kasema hatujamwona, au hatumwoni?" Mjomba akanyamaza. Usiku ule sahani ilipakuliwa kama kawaida.

Agosti polisi walitangaza kwamba wamewaua watuhumiwa 13. Redio iliwashwa nyumba moja, watu wakasikiliza wamesimama nje, na ilipokwisha kila mmoja akaenda zake. Hakuna aliyeshangilia. Kila mtu alikuwa akihesabu wake kimya kimya. Wengine walikuwa wamekimbia wauaji, wengine wamekimbia msako, na ukiwa upande huu wa maji huwezi kujua nduguyo kakimbia kipi.

Nikarudi Muscat Septemba. Mwenyekiti alifuta jina langu kwa rula.

Novemba 21 mwaka ule mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji ya Kibiti, alichukuliwa, na mpaka leo hajaonekana. Wiki ile ile mama akaja chumbani kwangu na simu mkononi. Siku hizi hakuna kaseti, kuna ujumbe wa sauti. Alikuwa mjomba, na nyuma yake kuku, na nyuma ya kuku sauti ya bibi ikilalamika kwamba chumvi imekwisha. Binamu yangu alikuwa amepiga simu kwa namba ngeni kutoka Kilwa. Alivuka mto usiku na mkewe na mtoto mgongoni, simu aliitupa majini. Nyumba yake na minazi aliiacha wazi.

Yuko Kilwa hadi leo, ana duka la nyavu. Nimemtembelea mara moja. Nilimuuliza habari za usiku ule, akanitengea chai, akaniuliza nazi Mafia sasa inauzwa bei gani.