Safari ya Mbweni, na Karatasi ya Shule ya Wasichana



Wengi wenu mmekwisha kusikia ya kuwa wazazi wa mitaa yetu wamekata shauri kufungua shule ya bweni ya wasichana. Kiwanja kimepatikana, matofali yanafyatuliwa, na halmashauri imetuagiza sisi walimu watatu tuandike makusudi ya shule hiyo na mambo itakayoyashika, kabla msichana wa kwanza hajapokewa. Karatasi ya mfano tuliyopewa ilikuwa na maneno manne: uchaji wa Mungu, bidii, usafi na utii. Ni maneno mema, wala hatumjui mtu awezaye kuyakataa. Lakini yangeweza kuandikwa juu ya lango la shule yo yote, nayo yasibadili hata saa moja ya siku ya mtoto. Kwa hiyo tukaonelea vema kwenda kupatazama mahali ambapo Wakristo wa pwani hii walijaribu kazi hiyo hiyo zamani, tuone waliweka makusudi gani, na makusudi hayo yaliwatendea nini wasichana wenyewe. Ndiyo asili ya safari yetu ya Mbweni.

Tulivuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi. Bahari ilikuwa shwari, ila mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, hakusadiki neno hilo, naye alifumba macho mpaka Unguja. Kwanza tulikwenda Mkunazini kusali. Juu ya kanisa lile hatutasema mengi, kwa maana limekwisha kuandikwa sana: limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka ule ule. Kisha tukapanda daladala liendalo upande wa Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume. Njiani tulipita Kiungani, ambako Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa na chuo cha wavulana, Chuo cha Mtakatifu Andrea, kabla hakijahamia Minaki mwaka 1925. Jina hilo la Kiungani mlikumbuke, maana tutalihitaji mbele.

Mbweni iko yapata kilometa sita kusini mwa mji. Siku hizi ni mahali pa nyumba kubwa zenye kuta ndefu, na ndege hupita juu ya minazi kwa kishindo hata mtu hamsikii mwenziwe. Lakini ukishuka kuelekea pwani unakuta kimya, na mikoko, na magofu ya mawe ya matumbawe yasiyo na dari. Hayo ndiyo yaliyobaki ya Shule ya Mtakatifu Maria. Lango lake la tao lingali laonekana, na kanisa dogo la shule, na vyumba ambavyo mimea imepanda madirishani mwake. Aliyejenga kuta zile hakujenga kwa mwaka mmoja wala miwili ya matumaini. Alidhani wasichana watakuwapo siku zote.

Shamba la Mbweni lilinunuliwa na Askofu Tozer mwaka 1871. Katika miaka ile manowari za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi yaliyobeba watumwa, na watu waliotolewa humo, wakubwa kwa watoto, wengine walikabidhiwa Misheni. Wakubwa walipewa vijumba na vipande vya ardhi pale shambani wajilimie; wasichana wakawekwa shuleni. Mwaka 1877 akafika Bibi Caroline Thackeray kutoka Uingereza, jamaa wa yule mwandishi wa riwaya William Makepeace Thackeray. Aliiongoza shule ile mpaka mwaka 1902, wala hakurudi kwao. Alikaa Unguja hata alipokufa mwaka 1926.

Hebu fikirini, ninyi mlio wazazi, ni watoto gani waliopokewa pale. Sisi tutapokea binti aliyeletwa na mama yake, mwenye sanduku, godoro na barua ya mchungaji. Yule wa Mbweni aliletwa na mabaharia. Huyu Myao, huyu Mmakua, huyu wa kutoka Nyasa. Lugha hazikupatana, wala hakuna aliyejua njia ya kurudi kwao, wala kama kwao kungaliko. Shule ile haikuweza kuanza na ratiba ya masomo. Ilibidi kwanza iwe nyumba, na mwalimu awe mzazi, kabla hajawa mwalimu. Tena ilibidi lugha moja iwaunganishe, nayo ikawa Kiswahili. Kwa Kiswahili walisoma, wakaandika, wakafundishwa Maandiko na hesabu na nyimbo. Tena walishona, walisuka mikeka, walipika, walifua, walilima. Katika mavazi walishika desturi ya pwani, kwa kuwa wakuu wa Misheni hii hawakutaka kuwafanya Waafrika kuwa Wazungu wa bandia. Jambo hilo twalisifu bila kusita. Tumewaona wasichana wa siku zetu waliorudi kutoka shule za mbali wakiona haya kuketi katika jiko la mama zao. Shule iliyowafundisha haya hiyo imewaibia, hata ikiwa imewapa cheti.

Kwenye magofu tulimkuta mzee mmoja akifagia majani.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, wanangu. Mmekuja kupiga picha?”

Tukamwambia sisi ni walimu, tumekuja kujifunza habari za shule iliyokuwapo. Akaegemea ufagio wake, akasema, “Wageni wote huniuliza jina la bibi Mzungu. Majina ya wasichana hakuna aniulizaye.”

Neno hilo lilitukaa. Tuliketi chini ya tao, tukafungua karatasi yetu ya maneno manne, na hapo ndipo mwalimu wa hesabu, ambaye sasa alikuwa na nguvu zake tena, alipolisema jambo lililoigeuza safari nzima. Alisema, “Tazameni. Bidii, usafi, utii. Mtu aliyekwenda soko la Mkunazini kununua kijakazi alitafuta nini? Alitafuta mwenye bidii, msafi, mtiifu. Maneno matatu katika manne ni maneno ya mnunuzi.”

Tukanyamaza. Mwenzetu wa tatu, mama mtu mzima aliyefundisha ushonaji miaka mingi, hakupendezwa. Akajibu, “Mwanangu, usiyatupe maneno mema kwa sababu mwovu aliyatumia. Mtoto asiye na bidii atakula nini?” Wote wawili walisema kweli, nasi hatuwezi kusema ya kuwa mmoja alimshinda mwenziwe. Lakini tangu hapo hatukuweza kuyasoma maneno yale kama tulivyoyasoma nyumbani. Bidii kwa faida ya nani? Utii kwa nani, na mpaka wapi? Makusudi ya shule yasiyojibu maswali hayo yanaweza kumlea mtoto wa Mungu, na pia yanaweza kumlea kijakazi, wala wasimamizi wasijue wamelea yupi.

Kwa jicho hilo tuliitazama tena Mbweni yenyewe. Mambo mawili yametusumbua.

La kwanza ni hili. Wasichana walioonekana wepesi wa kitabu walitayarishwa kuwa walimu, na wale walioonekana wazito walitengwa katika upande wa kazi za mikono. Twaijua haja iliyowasukuma: watoto walikuwa wengi, walimu wachache, na msichana aliyefika akiwa mkubwa hakuweza kukaa na watoto wadogo akikariri herufi. Hata hivyo mama yetu wa ushonaji, ambaye tungalidhani atautetea mpango huo, ndiye aliyeulaumu kuliko sisi sote. Alisema hakuna ubaya katika sindano wala katika jembe. Ubaya ni kumfanya mtoto aione sindano kuwa hukumu yake, kwamba amepewa kwa sababu hakuweza kusoma. “Mtoto huyo,” akasema, “atashona vibaya maisha yake yote.”

La pili ni Kiungani. Vijana wa chuo kile walikuwa wakitayarishwa kwa ualimu na huduma, nao walihitaji wake Wakristo. Wasichana wa Mbweni walilelewa wakitazamiwa kuwa wake hao. Kusudi hilo halikufichwa. Wala sisi, tulio waume na wake za watu, hatuidharau ndoa ya Kikristo. Nyumba nyingi za imani katika nchi hii zilianzia katika ndoa za namna ile. Ila kusudi la namna hiyo humpima msichana kwa haja ya mtu mwingine. Je, asiyeposwa? Je, mjane? Je, yule ambaye mumewe ameiacha imani, au amekwenda mjini asirudi? Walimu wa vijijini mwawajua wanawake hawa kwa majina.

Tena, ndoa yenyewe ilidai zaidi ya walivyoandika. Lucy Magombeani alilelewa Mbweni, akaolewa na Cecil Majaliwa wa Kiungani. Mwaka 1886 Majaliwa alipelekwa Chitangali, katika nchi ya Wayao upande wa Ruvuma, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza wa Misheni ile kuupata. Wamefanya kazi huko kwa miaka, mbali na pwani, mbali na askofu. Vitabu vya historia vyamtaja Padre Majaliwa kurasa nyingi, na ni haki yake. Lakini mke wa padre katika kituo kama kile hakuwa wa kupika tu. Wanawake na wasichana hawakumjia padre na mambo yao, walimjia yeye. Kama Lucy angalijua kushona tu na kutii, Chitangali ingalikuwa na nusu ya mchungaji. Basi Mzee mwenye ufagio, tumepata jina moja.

Twapenda kutaja na Gayaza, ingawa hatukufika huko safari hii. Shule hiyo ilianzishwa na Misheni ya C.M.S. mwaka 1905, kaskazini mwa Kampala, nayo ilianza na wasichana wanne tu chini ya Bibi Alfreda Allen. Ni kinyume cha Mbweni kwa kila namna: Mbweni ilipokea watoto waliotolewa utumwani, Gayaza ilikusudiwa binti za wakuu wa Buganda. Na hapo Gayaza binti wa mkuu alishika jembe. Wote walilima, kwa hiyo jembe halikuwa alama ya aliyeshindwa. Kusudi la kwanza la Gayaza nalo lilikuwa kuwatayarisha wake wema na akina mama. Lakini wakati ulipogeuka, shule iligeuka pamoja nao, ikawa shule ya sekondari, na wasichana wake wakaendelea mpaka Makerere, ambayo iliwafungulia wanawake mlango mwaka 1945. Tunachojifunza katika hayo ni kwamba karatasi ya makusudi iwe na nafasi ya kuandikwa tena.

Jioni tulikwenda kwenye Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililojengwa pale Mbweni mwaka 1882 kwa ajili ya watu wa shamba lile. Makaburi yako kando yake. Tulipita polepole kati ya misalaba, jua likishuka baharini, na mama yetu akaimba kwa sauti ndogo. Kisha tukarudi mjini, tukala pweza pale Forodhani (mwalimu wa hesabu alikula kwa niaba ya boti ya kesho), na usiku ule ule tukaandika.

Tulichoandika ni hiki, kwa ufupi. Kila msichana atasoma kitabu, na kila msichana atalima, atapika na atashona. Hakuna darasa la wazito, wala kazi ya mikono haitatolewa kamwe kuwa adhabu. Kusudi la shule ni msichana aweze kusimama mbele ya Mungu na watu akiwa ameolewa, au hajaolewa, au amefiwa. Aijue hesabu ya shamba lake na ya duka lake, aweze kusoma hati kabla hajatia sahihi. Kila mtoto, hasa yatima, atakuwa na mwalimu mmoja wa kike aliyetajwa kwa jina kuwa mlezi wake, naye hatakuwa na walezwa zaidi ya kumi. Likizo atarudi nyumbani na kazi aliyoagizwa aifanye pamoja na mama yake au bibi yake: kuandika hadithi ya ukoo, au kujifunza dawa ya jikoni, au kusuka.

Neno la utii ndilo lililotukesha. Wazee wengi wa halmashauri wanalipenda, wala hatukulifuta. Lakini chini yake tumeandika ya kwamba msichana ana ruhusa ya kumwambia mwalimu, hata mkuu wa shule, hata padre, “Hapana, hili si haki,” na ya kwamba jina la mtu wa nje ya shule atakayepokea malalamiko yake litabandikwa ukutani mwa bweni, mahali anapoweza kulisoma bila kuomba ruhusa. Mzee mmoja aliyeiona karatasi hiyo tuliporudi alisema tutawafundisha watoto ujeuri. Tulimjibu kwa heshima ya kwamba tumetoka Mbweni, akatutazama sana, lakini hajakubali.

Halmashauri itakaa kuijadili karatasi hii Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, saa nne asubuhi, katika jengo la shule ya Jumapili. Wazazi wote wanaombwa kuja. Walio na binti wa umri wa shule waje nao, kwa sababu wao hawajaulizwa bado.