Lengalenga za Ukingo wa Ntahangwa

Mwaka 1996, baada ya mapinduzi ya Julai kwetu Burundi, nchi jirani zilitufungia mipaka. Ambargo, ndivyo tulivyoiita. Petroli ikapanda, na kila kinachobebwa na lori kikapanda nayo. Nyumbani kwetu Nyakabiga, mjini Bujumbura, nyama ikatoweka mezani.

Mama alikuwa ametoka kujifungua. Ukimvuta kope ya chini, ndani palikuwa peupe, na kila akisimama kizunguzungu kilimrudisha kitandani. Zahanati walimpa vidonge vya kuongeza damu. Bibi akasema, "Vidonge anywe, na mboga ale."

Alfajiri nikashuka naye upande wa mto Ntahangwa, kwenye viwanja vitupu karibu na korongo. Lengalenga, yaani mchicha, zilijiotea humo bila kupandwa. Bibi alichuma ncha tu, shina akaliacha lichipue tena. Zile za miiba alichuma zikiwa changa. Penye mfereji wa maji machafu hakugusa jani, hata liwe limenawiri vipi. Ukubwani nilikuja kusoma kwamba mboga hii huvuta risasi na kadimi kutoka kwenye udongo mchafu ikazihifadhi majanini. Bibi alikwisha kupakataa kwa pua yake.

Mapishi yake nayaona hadi leo. Maji yachemke kwanza, majani yazame kidogo tu, kisha yale maji yamwagwe: yanaondoka na sehemu ya okzalati, zinazoishika kalsiamu mwili usiipate. Vitamini C nayo hupungua hapo, ndiyo maana naona ndimu aliyoikamulia baadaye ilikuwa na kazi. Sufuria inarudi kwenye mbabula, jiko letu la makaa: mawese, kitunguu, nyanya, konzi ya ndagala, yaani dagaa, wakavu. Ndimu anaikamulia mwishoni kabisa. Chuma cha majani huingia mwilini kwa shida; ndagala na ndimu hukisaidia kupita. Mawese nayo huubebea mwili ile asili ya vitamini A iliyomo kwenye mboga.

Shuleni sikumwambia mtu tulichokula. Lengalenga ilihesabiwa chakula cha wasio na kitu, nami niliona aibu. Aibu ile inaniuma mpaka sasa.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja narudi shule, namkuta mama uani, mtoto mgongoni, anachambua lengalenga mwenyewe. Nikachuchumaa mbele yake nikamvuta kope ya chini. Palikuwa pekundu.